Sketi fupi getini: kaikata au kakua?

Poleni kwa ukimya wa karibu miezi miwili. Nilikuwa fildi, yale mazoezi ya kufundisha ambayo sisi wa ualimu tunapelekwa wakati wenzetu wa kozi nyingine wanarudi kwao kula ubwabwa wa mama. Sasa nimerudi kampasi. Bumu halijatoka, chumbani tunabebana wanne kwenye vitanda viwili, na mwenzangu wa kitanda anakoroma kama mashine ya kusaga. Usingizi hakuna, acha niandike.

Wengi mmeniuliza fildi ilikuwaje. Andalio la somo lililorudishwa mara mbili nitalisimulia siku nyingine, na lile darasa la kidato cha pili lenye vichwa zaidi ya 90 nalo linahitaji siku yake. Leo nina jambo moja tu lililonikaa kooni tangu wiki ya kwanza. Nguo za wanafunzi.

Mwenzenu nimesoma saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu, mitaala, upimaji, na akina Piaget mpaka nikawaota. Hakuna mhadhiri aliyeniambia kwamba kazi yangu ya kwanza ya ualimu itakuwa kusimama getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikikodolea macho magoti ya watu.

Na kabla hatujakagua, tulikaguliwa sisi. Siku ya kuripoti, makamu mkuu wa shule, mama mmoja mtaratibu mwenye miwani ya kamba, alitupanga mstari ofisini kwake. Wanawake suruali marufuku, nguo isiyo na mikono marufuku, kinachobana marufuku. Wanaume shati lichomekewe, ndevu zipungue. Rafiki yangu mmoja alirudishwa kubadili kwa sababu ya mpasuo wa nyuma wa sketi. Mimi nilipita, maana nilishajihami na sketi tatu za mitumba ya Karume, ndefu kiasi kwamba nilikuwa nafagia nazo korido. Sikulalamika. Watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi tangu mwaka 2007, na mwalimu wa serikali ni mtumishi wa umma. Ila nilitoka mle ofisini najiona nimepimwa kama kitambaa, nikajiambia, kumbe ndivyo watoto wanavyoianza kila siku yao.

Sheria za shule yenyewe ziko kwenye fomu ya kujiunga, ile anayopewa mzazi mtoto akichaguliwa kidato cha kwanza. Wote mnaikumbuka. Sketi ya marinda boksi, chini ya magoti. Suruali isiyobana. Shati jeupe, limechomekewa. Viatu vyeusi vya kamba, soksi nyeupe, sweta la shule. Nywele fupi, msichana na mvulana. Anayevaa hijabu avae ya rangi iliyopangwa. Kwenye karatasi inasomeka vizuri kabisa. Shida inaanza karatasi ikikutana na mtoto wa miaka 15.

Tusidanganyane, watoto wana mambo. Kuna binti anapita getini sketi inagusa soksi, "shikamoo madamu" kwa adabu zote, halafu mapumziko unamkuta kwenye foleni ya mihogo sketi imepanda kama bendera ya asubuhi. Ameikunja kiunoni mara tatu. Akimwona mwalimu wa nidhamu anavuta mara moja, inashuka, uso mkavu. Wavulana wao ni modo, suruali inabana mpaka unajiuliza mguu uliingiaje. Wengine kata K, mkanda upo kwa heshima tu. Kiduku kinanyolewa kijanja, kidogo ubavuni, kidogo juu, ili mwalimu akiuliza ajibiwe kwamba kinyozi alikosea. Teh teh teh. Mkijifanya hamyakumbuki hayo, shauri yenu.

Kilichonikata kicheko ni mkasi. Mwalimu wa nidhamu alikuwa nao mfukoni, mkasi mkubwa wa fundi. Mvulana akikutwa na modo, mkasi unapita kwenye mshono kuanzia kifundo cha mguu mpaka gotini, miguu yote miwili, na suruali inabaki inapepea kama pazia. Wenzake wanashangilia. Siku ya pili ya zamu yangu ilichanwa suruali ya kijana mmoja wa kidato cha tatu, mrefu, mwembamba, mkimya. Mimi nilikuwa karibu, na sikuona mahali ambapo fundi aliipunguza. Ilikuwa imebana mapajani, imepauka magotini, na chini imeishia juu kabisa ya kifundo. Ilikuwa suruali ya mtoto wa kidato cha kwanza imevaliwa na mtu wa kidato cha tatu. Alikwenda nyumbani ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayevuka mto. Hakuonekana mpaka Jumatatu iliyofuata. Vipindi vyangu vya Jiografia vilimpita, na vya wenzangu sijui vingapi.

Kesho yake mwalimu wa nidhamu akanyoosha mkasi upande wangu. "Haya mwalimu, leo zamu yako." Nikamjibu, "Samahani mwalimu, naomba nikague kwa macho tu." Mkumbuke mkuu wa shule ana fomu anayotujazia alama za tabia na ushirikiano, kwa hiyo nilijua nachezea nini. Alinitazama kidogo, akaurudisha mkasi mfukoni. "Kagua, tuone macho yako yataona nini."

Hapo ndipo mama yangu aliponisaidia bila mwenyewe kujua. Mama ni fundi cherehani. Nimekulia chini ya meza yake nikiokota vifungo, na sare za shule za watoto wa watu ndizo zilizonisomesha mimi. Mzazi akileta kitambaa cha sketi neno lake la kwanza ni, "Fundi, acha pindo kubwa, anakua huyu." Mama anaacha nchi tatu, wakati mwingine nne. Mtoto akirefuka pindo linafumuliwa, sketi inashushwa. Sasa kile kitambaa kilichokuwa kimejificha ndani hakijapigwa jua wala kusuguliwa sabuni ya mche kama cha nje. Kikishuka kinabaki na mstari, juu bluu iliyopauka, chini bluu mbichi. Sketi iliyoshushwa mara mbili ina mistari miwili. Iliyopunguzwa kwa urembo haina mstari kabisa. Pindo lake ni jipya, uzi unang'aa, na ukiligeuza ndani utakuta ama limejaa kitambaa ama limekatwa likabaki jembamba kama kamba.

Kwa hiyo asubuhi ile niliangalia mapindo. Tuliweka kando wasichana sita wenye sketi juu ya magoti. Wawili walikuwa wamekunja kiunoni, nikawaambia washushe, wakashusha wakicheka, wakaenda darasani, sekunde kumi. Wanne walikuwa na mistari.

Mmoja wa hao wanne, mistari yake ilikuwa miwili na pindo limekwisha kabisa, ukingo umeshikizwa kwa sindano ya mkono kuzuia nyuzi zisitoke. Sketi ile haikuwa na pa kwenda tena. Nilimvuta pembeni nikamuuliza, "Mdogo wangu, hii umeshona lini?" "Fomu wani, madamu." Alikuwa fomu thrii. Nikauliza kama ameshawahi kurudishwa. Mara mbili muhula ule. Ya pili iliangukia siku ya jaribio la Hisabati, akaandikiwa sifuri ya kutokuwepo. Kwenye daftari la nidhamu nililiona jina lake kwa macho yangu, na sababu imeandikwa: mavazi yasiyo ya maadili.

Wadau, neno hilo ndilo lililoniuma. Kama ingeandikwa "sketi fupi" ningenyamaza, maana kweli ilikuwa fupi. Lakini mtoto ameongezeka urefu, kitu ambacho sisi wenyewe darasani tunamfundisha kwenye Biolojia kwamba ndicho mwili unachofanya umri huo, halafu tunamwandikia kwamba ana tabia mbaya. Anabeba mambo mawili kwa mpigo, umaskini wa nyumbani na sifa ya uhuni. Na yeye hawezi kujitetea, maana kujitetea ni kusema mbele ya wenzake kwamba mama hana hela.

Mama yake anauza maandazi. Niliuliza bei kwa fundi wa jirani na shule, sketi moja shilingi 18,000 pamoja na kitambaa. Andazi lake ni shilingi 200. Hayo ni maandazi 90, na hapo hujatoa unga, mafuta wala mkaa. Tangu Januari 2016 serikali ilifuta ada kuanzia elimu ya msingi mpaka kidato cha nne, na baadaye ikafikia kidato cha tano na sita. Ni jambo kubwa, sikatai, mimi mwenyewe nimenufaika. Lakini sare ilibaki begani kwa mzazi, pamoja na madaftari na nauli. Mtoto anaingia bila ada na anazuiliwa getini na sketi.

Niliporudi kampasi nilikwenda maktaba kutafuta kama kuna aliyewahi kulipima jambo hili. Yupo. Magharibi mwa Kenya, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 328 kuanzia mwaka 2003, mwaka uleule Kenya ilipofuta ada ya shule za msingi. Katika baadhi ya shule, wanafunzi wa darasa la sita walipewa sare bure na wakaongezewa nyingine baadaye. Hakuna kingine, sare tu. Walioacha shule walipungua, wavulana kwa wasichana. Na baada ya miaka mitatu wasichana waliopata mimba walikuwa 13 katika kila 100, wakati kwenye shule zisizopewa walikuwa 16. Nilisoma hapo mara mbili. Sisi tunamrudisha binti nyumbani kulinda maadili kwa sababu ya nguo, kumbe kumpa nguo abaki darasani ndiko kulikomlinda. (Duflo na Kremer walipata Nobeli ya uchumi mwaka 2019, kwa hiyo msiseme nimeokota vijiweni.)

Halafu kuna kitu nilikikuta kwenye historia ya elimu. Moja ya sare za shule za zamani kabisa zinazojulikana ni ya Christ's Hospital, shule iliyoanzishwa London mwaka 1552 kwa ajili ya watoto maskini. Walipewa makoti marefu ya bluu. Walipewa! Nguo ile ndiyo iliyosema huyu ni mtoto wetu, tunamlea. Sijui ni njiani wapi mambo yaligeuka mpaka asiye nayo ndiye anayefukuzwa.

Bibi yangu nilipompigia simu kumsimulia alicheka tu. Yeye alikuwa binti wa Ilala mwaka 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipotangaza Operesheni Vijana: sketi fupi mwiko, wigi mwiko, suruali za kubana mwiko, mkorogo mwiko, kuanzia Januari mosi 1969. Vijana wa kiume wakawa wanazunguka Kariakoo kuwazuia wanawake. Magazeti yalijaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Bibi anasema alikuwa na gauni moja tu la kutokea, dada yake ndiye aliyelirithisha, na dada mtu alikuwa mfupi. "Nikawa nasema sendi popote. Nifanyeje, miguu nimepewa na Mungu." Nilimwuliza waliokuwa wanazuia walijuaje nani kavaa kwa mapozi na nani kavaa kwa shida. Akasema, "Nani alikuwa na haja ya kujua, mjukuu wangu?"

Nisimpake matope mwalimu wa nidhamu. Ni mtu anayefika shuleni wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na hoja yake ninayo hapa. Tulikaa naye chini ya mwembe siku ya michezo akanieleza. Barabara ile imejaa bodaboda na watu wazima wasio na haya. Sare inamtangaza mtoto kwamba huyu ni mwanafunzi, na kila mwanaume anajua kwamba tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 anayempa mwanafunzi mimba anakwenda jela miaka 30. "Sare ni bango la hatari, mwalimu. Mimi nalinda bango." Nilielewa. Na kweli bila sare, watoto wa shule ile wangevaliana mashindano, mwenye raba za bei mbaya na mwenye yeboyebo wangekaa dawati moja wakitazamana miguu. Mimi sare naitaka. Ningekuwa mbunge ningeipigia kura mikono miwili.

Ila bango hilohilo ndilo konda wa daladala analoliona kwa mbali. Akiona shati jeupe anajua hiyo ni nauli ya mwanafunzi, anapiga bati dereva aondoe gari. Watoto wanasimama kituoni tangu alfajiri, wanaingilia dirishani, wanakandamizwa mlangoni. Wanafika shuleni shati limechomoka, kifungo kimekwenda, kiatu kimekanyagwa, dakika 20 baada ya kengele. Kosa la kwanza kuchelewa, kosa la pili kutochomekea. Fimbo.

Kuhusu fimbo niseme kidogo tu, maana hiyo ni mada ya siku nzima. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 ziko wazi: visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, msichana achapwe na mwalimu wa kike akiwepo, na iandikwe kwenye kitabu. Getini asubuhi kitabu hicho sikukiona. Niliona mwalimu yeyote mwenye mkono mzima.

Kwenye nywele nako sitakaa. Mnajua mwaka 2016 wasichana weusi wa shule moja ya Pretoria, Afrika Kusini, waliandamana kwa sababu nywele zao za asili zilionekana uchafu, na mwaka 2019 mahakama ya Nairobi iliamua binti wa Kirasta asizuiwe shule kwa sababu ya rasta zake. Kwetu tunanyoa tu, na kusema kweli kunyoa ni nafuu kuliko kusuka. Kila mtu na lake hapo.

Turudi kwenye sketi. Wale wanne niliwapeleka kwa makamu mkuu wa shule, yule mama wa miwani, kabla kengele ya kipindi cha kwanza haijalia. Nilimwonyesha mistari. Nilitegemea aniambie nimekuja kufundisha Jiografia, niachane na mapindo. Aliinama, akaishika sketi ya yule binti, akapitisha kidole kwenye mstari wa kwanza, akapitisha kwenye wa pili, akavua miwani. "Hii mama yake kaivuta mpaka mwisho." Akawaambia waende darasani. Mchana alinituma stoo kutafuta boksi la nguo zilizosahauliwa bwenini enzi shule ilipokuwa na bweni. Sketi tatu zilifaa baada ya kufuliwa. Yule binti aliipata iliyompwaya kiunoni, tukaibana kwa pini, akafanya mtihani wa muhula wote akiwa ndani ya chumba.

Mvulana wa suruali hatukumpata chochote kwenye boksi. Mimi na wenzangu wa fildi tulichanga, nikampigia mama vipimo kwa simu, ikaja na basi. Mama aliacha pindo la nchi nne, mwili na akili ya fundi. Mkasi uliendelea kuwa mfukoni mwa mwenyewe mpaka tunaondoka, ila kwa wiki tatu za mwisho sikuuona ukitoka kwa msichana wala mvulana mwenye nguo iliyopauka. Akimsimamisha mtu alikuwa ananiita, "Mwalimu, njoo unisomee huyu." Fomu yangu ya tabia na ushirikiano alama sijaziona.

Mambo ya mapindo nimeyaweka kwenye ripoti ya fildi, kurasa mbili, pamoja na mchoro. Mhadhiri amenirudishia jana na swali moja kwa wino mwekundu pembeni: "Na suruali je?" Nimempigia mama. Anasema suruali iliyozidiwa na mtoto inabana juu na inakuwa fupi chini, lakini modo ya makusudi ni ndefu mpaka kwenye kiatu, na ukiigeuza utakuta karibu na mshono mpya kuna vitundu vya sindano vya mshono wa zamani. Halafu akaangua kicheko. Anasema Januari mzazi analeta suruali apunguziwe kiuno tu, Februari mtoto anakuja mwenyewe kwa siri ibanwe miguu, Machi mzazi anairudisha ipanuliwe kwa sababu mwalimu kagomba. "Na wote watatu wananilipa."

Hayo nayo nayaandika leo usiku. Ripoti inatakiwa Ijumaa saa sita mchana, na huyu mwenzangu bado anasaga.